TAHADHARI kwa wapiga dramu: yule jamaa wa matoazi "ya mzungu wa Nungwi" ni tapeli

Assalaam alaykum jamani. Leo sina utani. Kuna mtu anazunguka hapa mjini na begi jeusi la duara, anauza matoazi ya dramu, yale masahani ya madini yanayopigwa kwa fimbo, anasema ni ya mzungu aliyekuwa akipiga hotelini Nungwi na sasa anarejea kwao. Akikupigia simu, kata. Akikujia nyumbani, mfungie mlango. Ni mwizi. Laki saba na nusu yangu anayo yeye, na simu yangu hapokei.

Najua wapo watakaocheka, khasa wale wa bendi yetu ambao wanacheka tangu ile Jumamosi ya Paje na mpaka leo hawajamaliza. Chekeni. Lakini kwanza msikilize nilivyofanyiwa kiini macho, halafu kila mmoja ajiulize yeye angetokea wapi.

Haja ya matoazi mnaijua. Yale ya zamani sina haja ya kueleza yalivyopotea, aliyeyapoteza yumo humu na anasoma. Na kila mpiga dramu anajua: ukenda hotelini, ukenda hata tamasha kubwa kama Sauti za Busara, ngoma zenyewe utazikuta jukwaani, lakini matoazi na snea, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, unakuja na vyako. Kwa hiyo nilikuwa natafuta, na mji mzima unajua natafuta. Naye akajua. Alipopiga simu aliniita kwa jina langu la nyumbani, akawataja wenzangu ninaopiga nao, akamtaja na maalim wangu wa muziki. Akasema, "Maalim ndiye aliyeniambia, hizi mpelekee yule kijana, ndiye mwenye sikio." Sasa mtu akikujia na maneno hayo utaanzia wapi kumshuku?

Tukakutana kwenye nyumba moja Kikwajuni, chumba cha uwani. Chumba kitupu, vigae chini mpaka nusu ya ukuta, hakuna busati, hakuna pazia, dirisha la kioo limefungwa ati kuna mtoto kalala nyumba ya pili. Kikumbukeni hicho chumba. Yeye mwenyewe kavaa kanzu imepigwa pasi, ndio kwanza katoka kusali Alasiri. Kanikaribisha kahawa kabla hata ya kugusa begi. Mazungumzo mazuri, kaniuliza hali ya mama. Halafu akafungua zipu polepole, akatoa toazi moja moja, kila moja limefungwa kwenye taulo jeupe la hoteli.

Lile taulo ndilo lililonimaliza. Lina nembo ya hoteli imedariziwa pembeni kwa uzi wa buluu. Nikasema moyoni, basi kweli zimetoka hotelini. Taulo tunaweza kulipata sote, najua, lakini wakati ule hukai ukafikiri hivyo.

Raidi, lile toazi kubwa la kushikia mdundo, ya inchi 20, krashi, la kupiga kwa kishindo, ya inchi 16, haihati, yale mawili ya kufunga kwa mguu, za inchi 14. Zinang'aa mpaka unaziona ndevu zako. Neno Zildjian, jina la kampuni kubwa ya matoazi, limeandikwa kwa wino mweusi, kubwa, na jingine la A Custom, moja ya aina zao. Akanionesha maandishi madogo ya Kiarabu. "Soma, yakhe. Wewe si umepita chuoni? Hii ndio alama yenyewe. Hizi za Uturuki asili, si hizi za Marekani." Na wanaojua wanajua, alama ya Zildjian kweli ina maandishi ya herufi za Kiarabu, kwa sababu hao watu walianzia Istanbul mwaka 1623, enzi za masultani, na Waturuki walikuwa wakiandika kwa herufi hizo. Nilikuwa nalijua hilo kabla hajafungua mdomo. Ndipo aliponipatia: alikuwa ananiambia vitu ninavyovijua, na kila nikikiri kimoja, cha uongo kinapita nyuma yake.

Nikatoa fimbo zangu. Akanishika mkono. "Taratibu, kaka. Hii stendi haina sponji wala mpira, ni chuma kwa chuma. Ukipiga fimbo hapo tundu linaliwa, na ukilitia ufa umelinunua." Na hilo pia ni kweli! Toazi likikaa kwenye chuma cha stendi bila mpira, tundu la katikati huliwa upande mmoja likawa na umbo la yai, na nyufa huanzia hapohapo. Mtu anayelijua hilo si ndiye mtunzaji wa vitu? Akatoa kirungu chenye kichwa cha kitambaa, akalininginiza lile toazi kwa kamba, akaanza kuligusagusa ukingoni, polepole, polepole, likaanza kuvuma, likapanda, likapanda, chumba kizima kikajaa. Wallahi malaika yalinisimama. Akalizima kwa kulikumbatia kifuani. "Umeusikia huo mkia wa sauti?"

Nimeusikia. Ningeachaje kuusikia, na vigae vile vinavuma hata ukikohoa.

Wala msiniambie kwamba bei peke yake ilitosha kunishtua. Seti mpya ya aina ile huko nje inapita milioni mbili kabla hujalipa usafiri na ushuru. Yeye alianza na laki tisa. Kwa kitu kilichotumika, mwenyewe ana haraka ya kusafiri, hiyo ni bei ya mtu na akili zake. Angesema laki mbili ningekimbia. Na kushuka alikuwa hataki! Tulivutana mpaka adhana ya Magharibi, akafunga zipu, akasimama, akasema kuna kijana wa Chake, Pemba, anazitaka na pesa iko tayari. Tukamalizana kwa laki saba na nusu, nikamrushia kwa simu palepale, akanipa mkono na taulo moja zawadi.

Paje mnaijua. Lakini wale ambao hawakuwepo wajue. Tunajaribu sauti, jua bado liko juu, wageni bado wamo majini, upepo wa bahari, hakuna ukuta hata mmoja. Nikapiga krashi. Ta! Basi, imekatika. Hakuna kilichofuata. Wa kinanda akageuka akauliza nani kaangusha mfuniko wa sufuria. Nikapiga tena. Ta! Nikafikiri nati ya juu imekaza sana, maana ukiikaza unalinyonga toazi hata liwe zuri vipi. Nikailegeza mpaka toazi likawa linayumba lenyewe. Ta! Raidi ndiyo iliyokuwa aibu zaidi. Ile ncha ya fimbo inayotakiwa isikike pigo kwa pigo haisikiki, kelele inapanda juu ya kelele, baada ya mapigo machache ni mvumo mtupu. Ukigonga kile kitovu cha katikati, ambacho kinatakiwa kiwe na sauti yake ya kengele, sauti ni ileile ya pembeni. Haihati ukizifunga kwa mguu zinagongana tu kama—basi, sisemi.

Usiku ule nilipiga kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, na snea tu. Meneja wa pale ananiangalia, mie naangalia kiatu.

Tulipokuwa tunafungasha nikapitisha dole gumba kwenye ukingo wa krashi. Umepinda. Umeinuka mawimbi mawimbi, kila pahala fimbo ilipoangukia pana bonde lake, dole linapanda na kushuka. Siku moja tu hiyo, na sikulipiga hata saa nzima! Toazi zuri likizidiwa hupasuka, halikunjiki likabaki limekunjika.

Nikampelekea maalim. Kwanza, huyo mtu hamjui, hajapata kumwona, hakumtuma kwangu. Pili, hakuhitaji fimbo. Alilisimamisha krashi kwenye ncha ya kidole, akalidona kwa ukucha, akasikiliza, akanirudishia. "Hii ni shaba ya njumu za milango." Alimaanisha shaba iliyotiwa zinki, ileile ya njumu na vitasa vya Mji Mkongwe. Matoazi ya daraja la juu ya Zildjian ni shaba iliyochanganywa na bati, kiasi cha sehemu 80 za shaba kwa 20 za bati. Mchanganyiko huo ndio unaolifanya pigo moja lifunguke lina sauti nyingi ndani yake, za juu na za chini, kisha zife moja baada ya moja. Ya zinki ina sauti moja kali na inakufa upesi. Asije mtu hapa akaanza kupima bati kwa mizani akasema kila lenye bati kidogo ni bandia: Paiste 2002, matoazi ya kampuni nyingine, zina bati 8 kwa shaba 92, zinauzwa tangu 1971, na wakubwa wanazipiga majukwaani. Na hata ya zinki, mwanafunzi akiuziwa kwa jina lake na kwa bei yake, hana kesi na mtu. Mie niliuziwa zinki kwa jina la Zildjian na kanzu iliyopigwa pasi.

Nimekwenda kwa sheha. Nimekwenda na kituoni. Kituoni nikaulizwa, "Matoazi ndio nini?" Nikaeleza. Nikaulizwa tena, "Sasa si yanalia?" Nikasema yanalia. "Basi tatizo liko wapi?" Jamani! Nilitamani kuliweka juu ya meza nilipige wasikie, lakini chumba chao nacho kina vigae.

Huyu mtu nataka aende Chuo cha Mafunzo, yaani jela, akafundishwe. Na kabla hajapelekwa, afungwe zile haihati shingoni azungushwe Darajani nzima, beni mbele, watoto nyuma, kila kituo asimame ataje jina lake na pesa alizokula. Arudishe laki saba na nusu mbele ya mama yake, maana na yeye alimuulizia mama yangu. Na huyo aliyempa jina langu la nyumbani, ambalo halijui ila mtu wa karibu, namtafuta. Nina watu ninaowadhania. Ajitokeze mwenyewe kabla sijamtaja.

Haya, mmesema niandike dalili za toazi bandia. Naandika kwa haraka kwa sababu nikizikumbuka presha inapanda. Yale matoazi yalinukia Braso, ile dawa ya kung'arishia shaba. Toazi lililokaa ufukweni Nungwi, kwenye hewa ya chumvi, lazima lifubae, liwe na weusi, pengine na kijani, na liwe na alama za fimbo. Haya yalikuwa hayana hata mkwaruzo. Maandishi ya Kiarabu yalikuwa wino mtupu. Ya kweli hugongwa kwenye madini yenyewe, ukipitisha ukucha unahisi shimo. Yale maneno makubwa ya wino msiyategemee upande wowote, hata kwenye ya kweli hufutika, na wapo wanaoyafuta kwa thina makusudi. Na A Custom kuwa "ya Uturuki" ni uongo wa mchana, Zildjian wanafanya kazi yao Marekani tangu 1929. Haihati, la chini mara nyingi huwa zito kuliko la juu. Yangu mazito sawasawa, yamekatwa kwenye kipande kimoja cha madini.

Toazi piga kwa fimbo yako, kwenye stendi yako yenye sponji na mpira, nje. Piga kidogo, piga kwa nguvu, gonga kitovu, kisha nyamaza mpaka sauti iishe yenyewe. Halafu mpe mwenzako apige, wewe rudi nyuma, maana aliyekaa juu ya toazi hasikii anachosikia aliyekaa mbele ya jukwaa. Zungusha ukucha ukingo mzima utafute ufa. Likiwa na ufa mara nyingi sauti inakwaruza kama lina kijikaratasi ndani. Ukiona kijitundu kimetobolewa karibu na ukingo, jua mtu alikuwa anauzuia ufa usitembee, na hapo bei ishuke sana au uliache. Anayekukataza fimbo, muage. Anayekuletea kirungu cha kitambaa chumbani, mwambie mtoke uwanjani. Kuna mengine, sasa hivi hayanijii.

Namba yake siiweki hapa, imezimwa. Anayetaka kulinganisha na iliyompigia yeye, aniandikie faragha.

Watu wa Pemba, hili lenu: yule "kijana wa Chake" huenda kweli yupo. Kama ni wewe, usimrushie hata senti. Wala usimgombeze. Mkubalie kila kitu, muulize anapanda boti ya siku gani kuja Mkoani, halafu nipigie mie.