Fleshi ya Linux Mint ninayotembea nayo sokoni: uzoefu wangu

Kabla sijaisifu fleshi hii (yenye Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows), niwaambie kwanza nilivyoliwa. Mwaka jana nilikwenda soko la Kenya (komine ya Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi) kutafuta laptopu ya pili ya kibanda changu cha kuchapa, karibu na barabara ya Kasapa. Wanafunzi huniletea TFC zao (kazi za kumalizia masomo) usiku wa mwisho, wote kwa pamoja, na mashine moja haitoshi.

Kijana aliniwashia laptopu ya mtumba, akafungua ukurasa wa mfumo kwenye Windows, akaweka kidole kwenye jina la prosesa, ubongo wa kompyuta: Core i7-6600U. "Mama, mashini haisemake bongo," yaani haisemi uongo. Tukapatana dola 240. Noti zangu alizichungulia juani moja moja, akanirudishia moja yenye mchaniko mdogo kuliko ukucha. Mimi mashine yake niliisoma mstari mmoja tu.

Nyumbani, kila nilipoiwasha, kidirisha cheusi kilifunguka na kufunga papo hapo, kama mtu anayekukonyeza. Nikadhani ni virusi. Mdogo wangu, anayesoma mambo haya, akaja na fleshi yake, akabonyeza F12 wakati wa kuwasha ili achague pa kuwashia, na Linux Mint ikafunguka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Akaandika lscpu, amri ya kuonyesha prosesa. Jina la prosesa: Core i3-6100U, ya daraja la chini kuliko i7. Tukarudi Windows: i7. Tukarudi Mint: i3. Nilikaa kimya, nikaenda kupika.

Alinieleza hivi. Windows inapowaka huiuliza prosesa jina lake, kwa amri iitwayo CPUID, na prosesa hujibu kwa maandishi iliyotoka nayo kiwandani, yasiyozidi herufi 48. Mpaka hapo hakuna uongo. Windows huliandika jibu hilo kwenye rejista yake, daftari lake la kumbukumbu, na ule ukurasa wa mfumo husoma rejista. Hauirudii prosesa kuiuliza upya. Basi mwenye haki za msimamizi analifuta jina na kuandika analotaka. Mashine ikiwashwa upya, jina la kweli hurudi, kwa hiyo fundi wao alitega kiprogramu cha kuandika uongo upya kila inapowaka. Ndicho kile kidirisha kilichokuwa kikinikonyeza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwepo. Prosesa hizo mbili ni za 2015, zote zina viini 2 (sehemu zinazofanya kazi ya hesabu) na nyuzi 4 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), hivyo hata ningehesabu viini nisingemkamata mtu. Lakini i3 hiyo ina kache (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ya MB 3 na i7 ina MB 4. Kwenye Task Manager, dirisha la kuonyesha hali ya mashine, ya Windows ileile, chini kabisa, kache ya L3 ilikuwa imeandikwa MB 3.0. Walibadilisha kibao cha duka wakasahau bidhaa zilizo ndani.

Tangu hapo nina fleshi yangu mwenyewe. Faili la Mint linakaribia GB 3, nikalinakili kwa mdogo wangu maana megabaiti za hapa si za kuchezea, na fleshi ya GB 8 inatosha. Uzuri wake mkubwa ni huu: mfumo unaosoma mashine ni wangu, si wa muuzaji, na hila zote zilizotegwa kwenye diski yake zinabaki zimelala. Wauzaji wengine hununa. Mmoja aliniuliza, "Mama, hauniamini?" Nikamwambia nakuamini wewe, mwanangu, siamini Windows yako.

Huwa naanza na betri, kwa sababu ya delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Amri ya upower -d inatoa namba mbili, nguvu ya betri ilipokuwa mpya na inayoweza kubeba leo. Laptopu moja nzuri sana kwa nje ilitengenezwa na saa-wati 50, imebaki na 21. Hapo bei inashuka yenyewe. Diski nayo ina daftari lake liitwalo SMART. Programu ya Disks iliyomo ndani ya Mint inalifungua, na humo utaona saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi. Nimekutana na moja yenye saa 19,000 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya miaka 2, usiku na mchana, na mwenye duka anaapa mashine ilikuwa ya padri mmoja aliyeandikia barua tu.

Ila msigombane na watu bure. Diski ya GB 256 inaonekana 238 kwenye Windows kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024. RAM ya GB 8 huonekana pungufu kidogo, kwa kuwa sehemu imetengwa, hasa kwa ajili ya kuonyesha picha kwenye skrini. Hapo muuzaji hana kosa.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Wi-Fi ya baadhi ya mashine haiwaki kwenye Mint mpaka utafute draiva, programu ya kuendesha kifaa hicho. Mashine yenye nywila ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows) inaweza kukunyima kuwasha kwa fleshi. Hiyo mimi naiacha hapohapo, simuulizi mtu sababu. Halafu amri ya dmidecode, inayotaja kiwanda, modeli na namba ya mashine, inasoma tu jedwali ambalo kiwanda kilijaza kwenye BIOS, na mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba jedwali hilo mara nyingi lina makosa. Niliwahi kufungua kompyuta ya mezani, mahali pa jina la mtengenezaji pakawa na maneno ya fomu tu, kwamba mtengenezaji atajaza. Hakujaza.

Na kuna uongo ambao Mint nayo huumeza mzimamzima. Shemeji alinunua fleshi ya TB 1 kwa dola 10. Nikaichomeka, lsblk, amri ya kuorodhesha diski, ikasema TB 1 bila kusita, kwa maana kifaa chenyewe ndicho kinachotaja ukubwa wake na mfumo hauna mwingine wa kumuuliza. Ikabidi nipakue F3, programu inayoandika na kusoma tena kuona kama vitu vimebaki. Jibu likaja: GB 29 na ushei. Shemeji akanyamaza. Video za harusi ya dada yake zilikuwa GB 52, na kadi ya kamera alikwisha kuifuta asubuhi ile.