Kipimamvua cha plastiki cha elfu 25, nimekitumia Makanya vuli na masika

Wadau wa kilimo, hasa nyie wa tambarare, leo naongelea kipimamvua. Nasema kile cha plastiki ngumu cha kuonyesha ndani, kina alama za milimita ubavuni na kishikizo cha kufungia kwenye nguzo. Changu nimekinunua duka la pembejeo kwa 25,000, nimekifunga shambani Makanya huku wilaya ya Same, kimeshapita vuli na masika kikiwa kwangu kwahiyo naongea kitu nachokijua. Jibu langu ni kwamba kinunueni, ila kuna vitu vya kuangalia kabla hujatoa hela na nitavisema vyote.

Kwanini mkulima wa mahindi na ngwara (jamii ya maharage) ahangaike na hiki kitu, hilo ndo swali naloulizwa kila mtu akipita njiani akaona nguzo yangu. Sasa sikilizeni. Huku chini mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600 na hiyo inagawanyika vuli na masika, wakati mahindi ya kawaida yanataka kama milimita 500 mpaka 800 kwenye msimu mmoja ndo yazae vizuri. Yaani tunalima tukiwa tayari tumepungukiwa, ndo maana wengi tunakimbilia mbegu za muda mfupi kama Katumani inayokomaa kwenye miezi mitatu hivi. Mtu wa hali hiyo hawezi kupanda kwa kusikia harufu ya udongo umelowa.

Na hapo kwenye kupanda ndo kipimamvua kinarudisha hela yake. Vuli ikikaribia inanyesha mvua ya kwanza usiku, bati linapiga kelele, asubuhi kila mtu ana furaha, majembe yanatoka, mbegu zinaingia chini. Mimi nikaenda kuangalia kwenye nguzo nikakuta milimita 4. Nne! Nikachukua jembe nikafukua pale pale, juu udongo mweusi umelowa vizuri kabisa, ukishuka urefu wa kidole tu ni vumbi. Waliopanda siku ile mbegu ziliota zikatoa majani mawili, jua likawaka, zikaisha, na mbegu ya dukani mnajua bei yake na hakuna wa kukurudishia. Wataalamu wengi wa hali ya hewa wanaohesabu mwanzo wa msimu wanatumia kama milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, alafu isifuatiwe na ukavu mrefu. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba, kwahiyo milimita 20 kwenye eka moja ni zaidi ya lita 80,000 za maji. Ukilinganisha na ile milimita 4 unaona kabisa kwanini mbegu zilikufa, wala sio mkosi wala sio mbegu feki.

Jambo la pili kimenionyesha, na hili linaniuma zaidi, ni jinsi mvua inavyokuja. Ukimuuliza mtu hapa kijijini atakwambia mvua siku hizi hakuna. Nikijumlisha daftari langu naona mvua ipo, tena masika haikuwa mbaya kwa jumla, lakini sehemu kubwa imeanguka kwenye usiku chache tu, inamwagika kwa kasi, inakata mfereji katikati ya shamba na kuondoka na udongo kwenda korongoni, alafu zinapita wiki mbili tatu hamna kitu na mahindi ndo yanatoa mbelewele. Hiyo jumla nzuri haimsaidii mtu, ulichopata ni maji yaliyopita kukusalimia. Ndo nikaamini yale matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupia udongo upande wa juu, tuliyofundishwa zamani na wengi tukayaacha yabomoke, hayo ndo yanashika maji ya usiku mmoja yakae wiki nzima. Nimeanza kuyarudisha upande wa juu wa shamba.

Na hili haliko Same peke yake. Kuanzia vuli 2020 mpaka vuli 2022 kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia misimu mitano mfululizo ilifeli, ukame mbaya kuliko wote kwa miaka kama 40. Huku kwetu mwishoni mwa 2021 mpaka Januari 2022 ng'ombe walikufa kwa maelfu Simanjiro, na Oktoba 2022 Dar ikaingia kwenye mgao wa maji kwa sababu maji ya mto Ruvu yalipungua sana. Miaka hiyo mitatu, 2020, 2021 na 2022, kulikuwa na La Niña mfululizo kule Pasifiki, yaani maji ya bahari yanapoa kuliko kawaida na mara nyingi vuli yetu inapungua. Alafu kuna Bahari ya Hindi yetu wenyewe, upande wetu ukiwa na maji ya baridi na upande wa Indonesia ukiwa na joto basi vuli yetu inakauka, ikigeuka inakuwa kama 2019 au kama 2023 ilipoungana na El Niño, mafuriko kila kona. Masika nayo tangu miaka ya 80 ilikuwa inapungua kwa miaka mingi, na sababu kubwa ni kwamba msimu ulifupika, unachelewa kuanza na unawahi kukata. Ongeza na joto, maana joto likipanda hata ile mvua uliyopata inanyonywa haraka kutoka ardhini. Watafiti walioupima ule ukame wa 2020 mpaka 2022 wakasema kuongezeka kwa joto la dunia kumeufanya uwe rahisi kutokea karibu mara 100 zaidi. Mtu anayeishi kwa jembe akisikia namba kama hiyo halali.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa vuli na masika, mimi nausikiliza kila msimu na nawashauri muusikilize, lakini utabiri unaongelea mkoa au kanda. Shamba lako halijui kanda. Ndugu yangu yuko Vudee kule juu milimani, nilimnunulia na yeye kipimamvua, na asubuhi tunatumiana namba kwa simu. Juu wanapata mvua sisi huku hatuna hata tone, lakini hiyo mvua ya juu ndo inayoshuka kwenye mito na kujaza ndiva, yale mabwawa ya jadi ya Wapare yanayojaa usiku na kufunguliwa asubuhi maji yaende mashambani kwa zamu. Kwahiyo namba ya Vudee kwangu ni habari ya maji kama ilivyo namba ya Makanya, nikisikia juu imepiga milimita 30 naenda kusafisha mfereji wangu mapema kabla zamu haijafika.

Sasa mapungufu. Jua la huku halina huruma na plastiki, changu kimeanza kupauka na zile alama zilizochapwa kwa rangi zinafutika, bora utafute kile ambacho alama zimechongwa au zimetokeza kwenye plastiki yenyewe. Pili kuna vidogo vinaishia milimita 35 au 50, hivyo achana navyo kabisa, maana mvua za siku hizi zikipiga usiku mmoja kinafurika na wewe hujui umepata ngapi, na usiku huo ndo uliokuwa muhimu kuliko yote. Chukua kinachofika 100 au zaidi. Tatu ni ubora wa kiwandani. Cha kwanza nilichopewa kilikuwa na ufa mwembamba chini kwenye kiungo, maji yanavuja taratibu hata huoni, nikakirudisha na muuzaji akagoma kubadilisha mpaka nikaongeza hela, duka silitaji lakini iliniudhi sana. Kijaribuni hapo hapo dukani, ombeni maji, jazeni, kiwekeni juu ya karatasi kavu.

Jaribio lingine fanya nyumbani kwa bomba la sindano, lile la kuchanjia mifugo linatosha. Pima upana wa mdomo. Kama ni sentimita 10, basi ukimimina mililita 78 na nusu lazima isome milimita 10. Ikisoma 8 au 13 rudisha, hizo alama wamebandika tu.

Kukifunga usikiweke chini ya mwembe wala pembeni ya nyumba, kiwe mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wa huo mti, mdomo ulale sawa kabisa na uwe juu kidogo kuliko kichwa cha nguzo ili matone yasirukie ndani. Soma saa 3 asubuhi kila siku, ndo muda wa vituo vyote vya hali ya hewa hapa nchini. Inamisha jicho lako lilingane na maji, utaona yamebonyea katikati, soma pale kwenye kibonyeo sio pembeni yanakopanda. Andika, mwaga, rudisha. Hata siku isiyo na mvua andika sifuri, maana zile sifuri ndo zitakwambia ukavu umefika siku ngapi. Usiache maji humo, yanapungua kwa jua na mbu wanataga.

Kwa 25,000 mimi nakipa nyota 4 kwa 5, ile moja imeondoka na alama zinazofutika. Kama uko Mwembe, Hedaru au Kisiwani na unacho, weka hapa jumla yako ya vuli na siku uliyopanda, nataka tulinganishe kabla hatujanunua mbegu za msimu unaokuja.