Kibali cha muda cha kuuza bia kwenye hafla: uzoefu wangu upande wa kiwanda kidogo

Nimeshughulikia vibali hivi kwa niaba ya kiwanda kidogo cha bia, kwa matamasha, maonyesho ya vyakula na siku za michezo. Kwa kifupi, ni huduma nzuri yenye fomu mbaya, na naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotea kwa sababu fomu haikuambii jambo kubwa kuliko yote, yaani kwamba kibali kimefungwa kwa vitu vitatu: mtu, mahali na saa. Karibu kila ombi linalorudishwa, na karibu kila meza inayofungwa katikati ya hafla, chanzo chake ni kimoja kati ya vitatu hivyo kusomeka hivi kwenye karatasi moja na vile kwenye nyingine.

Leseni ya kiwanda kwa kawaida inakuruhusu kupika bia, kuiuza kwa wafanyabiashara wenye leseni, na pengine kuwauzia wageni pale pale kiwandani. Haikufuati nje ya geti. Kibali cha hafla ndicho kinachohamisha ruhusa ya kuuza kwa mnywaji, kwa muda mfupi, hadi mahali palipotajwa. Ukikisoma kama leseni ndogo utakosea, maana hakikupi haki ya kudumu na hakihamishiki kwa mwenzako.

Tuanze na mtu. Kabla ya kugusa fomu, uliza nani anapokea pesa ya mnywaji. Huyo ndiye anayepaswa kutajwa kama muuzaji. Kuna hafla ambazo mwandaaji ndiye mwenye kibali na kiwanda kinamuuzia mapipa kwa jumla. Hapo mashine ya malipo na risiti viwe vya mwandaaji. Kuna nyingine kiwanda kinauza chenyewe, na kibali kinatoka kwa jina la kiwanda. Hatari iko katikati: kibali cha mwandaaji, lakini pesa inaingia kwenye akaunti ya kiwanda. Mkaguzi akiona risiti yenye jina lisilo kwenye kibali, kwake huyo ni muuzaji asiye na ruhusa, hata kama nyote mlikubaliana kwa mdomo. Andika pia jina kama lilivyo kwenye usajili, si jina la kibiashara lililo kwenye chupa.

Mahali ndipo penye kazi kubwa. Barua ya idhini ya mwenye kiwanja inahitajika karibu kila mara, lakini ramani ndiyo inayoamua. Ichore kwa vipimo vya mita. Onyesha uzio, milango ya kuingilia, njia za dharura, vyoo, kaunta, mahali pa kuoshea glasi, na ghala. Ghala husahaulika sana. Lori lenye mapipa ya akiba likiegeshwa nje ya mpaka uliochora, bia iliyomo iko nje ya eneo la kibali, na kila pipa linalovuka kuingia linaweza kuhojiwa. Chora lori ndani ya mpaka. Siku ya hafla waandaaji hupenda kusogeza mahema kwa sababu ya matope, jua au jukwaa la muziki, kwa hiyo naombea eneo pana kidogo kuliko hema lenyewe, mradi lisizidi kile kilichotajwa kwenye barua ya kiwanja. Ukiombea mita nne kwa nne za hema tu, kusogea hatua kumi ni kutoka nje ya kibali.

Saa zina mitego miwili. Wa kwanza ni hafla inayovuka saa sita usiku. Ukiandika tarehe moja tu, kibali chako kinaisha wakati watu bado wamesimama kwenye foleni. Andika tarehe zote mbili. Wa pili ni kuchanganya saa za kuuza na saa za kunywa. Mteja aliyenunua dakika ya mwisho anahitaji muda wa kumaliza glasi yake, kwa hiyo funga bomba dakika 30 kabla ya kibali kuisha, na tangazo litoke kwenye jukwaa, si kaunta peke yake.

Kuhusu muda wa kuomba, kila nchi ina hesabu yake, lakini makosa ni yale yale. Chukua Uingereza na Wales, ambako Sheria ya Leseni ya 2003 inatumia taarifa ya hafla ya muda, yaani notisi unayopeleka kwa mamlaka ya leseni kabla ya hafla. Taarifa ya kawaida hutolewa siku 10 za kazi kabla, na siku ya kupokelewa na siku ya hafla hazihesabiwi. Mwisho wa juma na sikukuu hazimo pia. Anayehesabu wiki mbili kamili kwenye kalenda anaweza kujikuta amechelewa. Huko huko idadi ya watu ndani ya eneo kwa wakati mmoja haitakiwi kufika 500, na wafanyakazi wanahesabiwa humo. Mwenye wahudumu 20 ana nafasi ya wageni 479. Popote ulipo, uliza maswali hayo mawili kabla ya jingine lolote: siku zipi hazihesabiwi, na watu gani wanahesabiwa. Mimi naanza siku 45 kabla, kwa sababu barua ya kiwanja na uthibitisho wa bima huchukua muda mrefu kuliko kibali chenyewe.

Bima ya madhara kwa watu wengine itaje tarehe na anwani ya hafla. Ile ya kiwanda mara nyingi inaishia kiwandani.

Kwenye fomu nyingi utaulizwa utauza kiasi gani. Usibahatishe. Chukua wageni 300, hafla ya muda wa saa nne, nusu yao wanywe bia, glasi mbili kila mmoja: glasi 300. Kwa glasi ya mililita 400 hizo ni lita 120. Ongeza asilimia 10 ya povu na mabaki, unapata lita 132, yaani mapipa matano ya lita 30. Napendelea lita 30 kuliko 50 kwenye hafla. Pipa la lita 50 likijaa lina zaidi ya kilo 60, na likifunguliwa saa ya mwisho linakuachia mabaki mengi yasiyouzika. La lita 30 lina takribani kilo 40, watu wawili wanalibeba bila kuumia mgongo.

Kila pipa liondoke kiwandani na hati ya usafirishaji inayotaja aina ya bia, namba ya mpiko (yaani ya mkupuo ambao bia hiyo ilipikwa), ujazo na idadi. Hati hiyo, kibali na rejista ya ushuru wa bidhaa visomeke sawa. Nakala moja ikae kwenye lori, moja kaunta. Mkaguzi wa ushuru na mkaguzi wa leseni wanaweza kuwa watu wawili tofauti wanaofika kwa wakati mmoja.

Sasa bomba, kwa kuwa saa za kibali zinaliwa na povu kuliko na kitu kingine. Mapipa yapoe hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi tangu siku iliyotangulia. Pipa la joto halipoi kwa barafu ya asubuhi. Likishatikiswa njiani, lipe saa mbili za kutulia. Kwa mpira mfupi wa kupitishia bia, msukumo wa gesi wa karibu bar 0.8 (bar ni kipimo cha msukumo) unatosha bia nyingi za kawaida. Kwa sanduku la barafu lenye mrija mrefu uliozungushwa, panda hadi bar 1.7 au 2, kwa sababu mrija wenyewe unapinga mtiririko. Sanduku la mrija linataka maji na barafu pamoja, maji yafunike mrija wote. Lile la bamba la chuma, ambamo bia hupita ndani ya bamba badala ya mrija, linataka maji yatolewe kila barafu inapoyeyuka, la sivyo bamba linaelea kwenye uvuguvugu na bia inatoka povu tupu. Wengi wanachanganya haya mawili na kulaumu bia. Gesi hesabu theluthi moja ya kilo kwa pipa la lita 50, na mtungi usimame wima, umefungwa kwa mnyororo, kwenye hewa. Ndani ya hema lililofungwa kaboni dioksidi inayovuja hutanda chini na inaweza kuua.

Kuonja bure ni eneo linalowaponza wazalishaji wazuri. Kama tiketi ya kuingilia inajumuisha vikombe vya kuonja, sehemu nyingi hilo huhesabiwa ni kuuza. Liandike kwenye ombi, pamoja na ujazo wa kikombe. Mililita 100 inatosha kabisa.

Umri ukaguliwe mlangoni na bangili ifungwe hapo, kisha mhudumu aangalie bangili na uso. Bangili ya karatasi huvuliwa na kupewa rafiki, kwa hiyo nunua ile inayokatika ikivuliwa, na ubadilishe rangi kila siku. Mhudumu awe na haki ya kukataa kumuuzia aliyelewa bila kuuliza mtu. Hilo liandikwe kwenye maelekezo ya kazi, na mkaguzi hupenda kuliona.

Baada ya hafla, hesabu mapipa mkiwa wawili: yaliyojaa, yaliyofunguliwa, matupu. Yaliyofungwa yarudi kwa hati mpya, ikitaja namba ile ile ya mpiko. Yaliyofunguliwa yapimwe kwa mizani, uzito wa pipa tupu utolewe, na kilo moja uihesabu kama lita moja kwa makisio. Kisha yamwagwe mbele ya shahidi na kuandikwa kama hasara. Fanya hivyo usiku ule ule kabla lori halijaondoka.