"Rudia": uzoefu wangu na kozi ya kumtembeza mhusika

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, na hapa nimeshaipunguza mara mbili. Kama unataka kujua kozi ina video ngapi na cheti chake kinafananaje, soma tangazo lao. Mimi nina neno moja tu la kuzungumzia. Rudia.

Ni kozi ya uhuishaji, yaani kuchezesha katuni kwenye kompyuta, na hii inafundisha kumfanya mhusika wa katuni atembee. Nilijiunga miezi kadhaa iliyopita. Kilichonivuta ni ahadi kwamba kila kazi utakayotuma itatazamwa na mkufunzi mwenyewe. Na masomo ya mwanzo, haki ya Mungu, yalikuwa matamu. Yule bwana anajua kueleza akitaka. Alitufundisha pozi nne za kila hatua. Mguso, kisigino cha mbele kinapogusa chini na miguu imeachana kabisa. Mdidimio, mwili unapozama juu ya mguu uliopokea uzito. Mpishano, mguu wa nyuma unapopita kando ya ule uliosimama. Kisha mnyanyuko, mwili unaposukumwa juu kabla ya kuangukia hatua ya pili. Zinakaa kwenye fremu, yaani zile picha moja moja zinazopita haraka mpaka katuni ionekane inasogea: ya 1, ya 4, ya 7, ya 10, na ya 13 umerudi kwenye mguso, ila kwa mguu mwingine. Fremu 24 kwa sekunde, hatua mbili, mzunguko umekamilika. Ya 25 ni nakala ya ya 1, kwa hiyo unachezesha mpaka ya 24 tu, la sivyo mhusika anashikwa na kigugumizi cha miguu kila anapoanza upya. Hicho kigugumizi kilinitesa muda mrefu kabla ya kozi. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Nikatengeneza wangu. Kibonzo chenye mwili wa duara na miguu kama njiti. Nilikesha naye. Nyonga zinashuka, zinapanda, mkono wa kulia unakwenda mbele pamoja na mguu wa kushoto, kila kitu kama nilivyofundishwa. Mdogo wangu alipomwona alicheka, na si kwa dharau. Nikatuma.

Jibu lilikuja nikiwa nimeshakata tamaa ya kulipata. Video ya sekunde 11. Nimezihesabu. Nne za mwanzo anatafuta faili langu. Halafu sauti: "Miguu inateleza. Rudia." Basi! Hata salamu hakuna. Nyuma yake kuna mtu anaosha vyombo, na nakwambia huyo wa vyombo alikuwa na bidii kumshinda.

Nikamwandikia kwa adabu zangu zote. Mwalimu, samahani kwa usumbufu, inateleza wapi, na inasababishwa na nini? Akajibu: "Ukitazama vizuri utaona." Hapo ndipo nilipopandwa. Ningekuwa naona, kozi yako ningejiunga nayo ya nini?

Nikarudia. Nikafupisha hatua. Nikashusha nyonga, maana niligundua magoti yalikuwa yanadunda ghafla kila mguu uliponyooka, kwa kuwa nyonga nilikuwa nimezipandisha kupita urefu wa mguu wenyewe. Hilo nalo hakulisema. Nikatuma. "Bado. Rudia."

Siku moja, kwa hasira tu, nikamtandikia mhusika sakafu ya miraba nikaiburuza nyuma kwa kasi isiyobadilika. Lo! Unyayo unaanza kwa kusuasua, miraba inauacha. Katikati unaikimbiza. Mwishoni unazubaa tena. Nikafungua grafu ya mwendo, mchoro unaoonyesha kitu kimefika wapi kila fremu, na mstari wa unyayo nikaukuta umejipinda kama herufi S. Programu usipoiambia lolote inalainisha kila kitu: inaanza taratibu, inaongeza kasi, inapunguza. Kwa mkono unaopunga hiyo ni neema. Kwa mguu uliokanyaga ni balaa, kwa sababu mhusika anatembea palepale, ardhi ndiyo inayopita chini yake, na ardhi haisiti. Unyayo ukishakanyaga lazima urudi nyuma umbali uleule kila fremu. Mstari unyooke kama uzi wa mwashi. Nikaunyoosha kuanzia mguso hadi unyayo unapoachana na ardhi. Dakika mbili. Kibonzo changu kikapata uzito, kwa mara ya kwanza kikawa kinakanyaga kitu.

Dakika mbili! Kumbe sentensi moja ingetosha. Nikarudi kupekua masomo yote nikidhani labda nilisinzia mahali. Grafu haijafunguliwa hata mara moja. Sasa, na Mungu anisamehe kwa hili, nikachukua mfano wake mwenyewe, ule anaojivunia mwanzoni mwa kila somo, nikautandikia sakafu yangu ya miraba.

Unateleza. Si sana. Lakini unateleza.

Nikabonyeza nyota moja nikaenda kulala.

Asubuhi nikaona nisimdhulumu mtu. Jicho lake ni jicho: aliona kwa sekunde saba kitu ambacho mimi nilikitazama siku nenda rudi nisikione. Na kuna mwenzangu aliyechukua kozi nyingine, mwalimu wake mpole, anaandika maelezo kurasa kwa kurasa, na mhusika wake mpaka leo anaelea kama puto. Mimi sasa siwezi kumwona mtu akipita bila kumvizia pale nyonga inapozama. Hiyo si elimu? Nikapandisha, nyota tatu. Kama ndiyo kwanza unaifungua programu na unataka kushikwa mkono, usijiunge. Kama unaifahamu tayari na una kifua cha kuvumilia, labda. Labda, nasema.

Halafu nikatuma mara ya tatu. Safari hii niliambatanisha picha ya grafu, kabla na baada, na aya mbili nikimwomba awaeleze na wanafunzi wengine wasiteseke kama mimi. Jibu: sekunde sita. "Safi. Mikono migumu."

Kuhusu grafu, kimya. Kuhusu mikono ni migumu wapi, kimya. Na kinachoniuma ni kwamba ni kweli, nimetazama: bega, kiwiko na kiganja vyote vinafika mwisho wa mpungo kwenye fremu moja, kama ufagio.

Nyota mbili. Kiganja nimekichelewesha fremu mbili nyuma ya kiwiko, nimeshatuma, nasubiri nisikie atasema nini.