Nimelipia toleo jipya, ripoti zangu zikaenda na maji

Kwa mama yetu tuko sita. Wanne tuko hapa hapa Mombasa, dada yangu yuko Muscat, na kitinda mimba yuko Uingereza. Kila mwezi kila mmoja hutoa alichojaaliwa kwa ajili ya mama, na hesabu nazishika mimi, kwa sababu nilikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini mpaka nikastaafu, na ati karani haibi bila risiti. Huo ni utani wa ndugu zangu, lakini ndani ya utani mna jambo.

Programu hii ya hesabu za nyumbani nimeitumia miaka. Kabla yake nilikuwa na Microsoft Money, ile iliyoachwa kuuzwa 2009. Wenyewe walipoamua kuizika, 2010 wakatoa toleo la bure la kuagana na watu, na ripoti zikaendelea kufanya kazi. Hata maiti huoshwa kabla ya kuzikwa. Hawa wangu wa sasa wametuzika wazima, na sanda tumejinunulia wenyewe.

Toleo jipya nililipia kwa hiari yangu. Kijana wangu aliniambia, "Baba, hii ya zamani siku moja itakataa kufunguka," nikaona bora nilipe mapema. Na siku ile ya kwanza, nisiwe mnafiki, nilifurahi. Maandishi makubwa, macho yangu yakashukuru. Taarifa ya M-Pesa ukiipakia inaisoma vizuri kuliko ile ya zamani. Haya, sifa zimeisha.

Kila kumi la mwisho la Ramadhani nawatumia ndugu zangu ripoti. Dawa za mama za presha na sukari, maji ya mkokoteni mabomba yanapokauka, tokeni za stima, mshahara wa binti anayemwangalia, futari tunayopeleka msikitini kwa niaba ya marehemu baba. Kando yake naweka Ramadhani ya mwaka uliopita, watu waone kilichopanda na kilichoshuka. Na Ramadhani, kama ajuavyo hata mtoto wa chuoni, haina habari na Januari wala Februari. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Kwa hivyo tarehe lazima nizichague mwenyewe, tangu mwezi ulipoandama hadi leo, na mwaka jana vivyo hivyo. Toleo la zamani lilikuwa halina maneno. Unaandika tarehe zako, unabofya, safu mbili zinakaa ubavu kwa ubavu na ya tatu inakuonyesha tofauti. Nilikuwa naichapisha nikamsomea mama mwenyewe.

Toleo jipya lina "mwezi huu", "mwezi uliopita" na "mwaka huu". Basi.

Sikuamini. Baada ya tarawehe nilikaa nikapekua menyu moja moja kama mtu aliyeangusha pete mchangani. Kulinganisha, hakuna. Ripoti ya jina la uliyemlipa, hakuna. Ya makato hakuna, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ukituma shilingi 400 kwa M-Pesa unakatwa 7, ukituma 900 unakatwa 13, na kwenye taarifa kila kato lina mstari wake peke yake. Saba haiumi mtu. Lakini ile ya zamani ilizokota zote za mwaka mzima ikaniwekea mahali pamoja, na mwaka mmoja niliposoma jumla nilikwenda nikapatana na mwenye mkokoteni nimlipe mwisho wa wiki, si kila anaposhusha mitungi. Sasa zimetawanyika humo ndani, na wa kuziokota hayupo.

Badala ya yote hayo tumepewa duara la rangi. Limekatwa vipande kama keki ya harusi, ukipitisha mshale juu yake linacheza. Kipande kinene kuliko vyote kimeandikwa "Mengineyo". Dawa, maji, binti wa watu, futari ya marehemu, vyote mle. Mama yangu mzazi amekuwa Mengineyo.

Usiku ulikuwa umekwenda, nikatuma hivyo hivyo kwenye kundi letu la WhatsApp. Dada yangu wa Muscat akauliza, "Kaka, keki ya nani hii?" Wakacheka. Yule wa Uingereza hakucheka. Aliandika mstari mmoja: "Dawa za mama mwaka jana zilikuwa ngapi?" Swali la haki, wala hakuna tusi ndani yake. Lakini mimi niliyeshika amana hii miaka yote sikuwa na jibu la kumpa. Niliweka simu kifudifudi. Daku ile sikuila, mke wangu akadhani naumwa.

Nikawaandikia wenye programu. Kwa adabu, salamu kwanza, shida baadaye. Siku kadhaa zikapita, jibu likaja laini kama sufi: ripoti "zimerahisishwa" kwa kuwa watumiaji wengi hawazihitaji zile za zamani. Wengi! Wamehesabiwa na nani, na kwa ripoti gani? Nikauliza kama zitarudi. Wakanishukuru kwa maoni yangu wakafunga mazungumzo. Barua ya tatu ilikuja yenyewe bila kuitwa, ikitaka kujua nimefurahia huduma kwa kiasi gani.

Nikasema narudi kwenye toleo la zamani. Loo! Faili likishahamishwa halirudi, la zamani halilitambui tena. Kilichoniokoa ni nakala aliyoiweka kijana wangu kwenye flashi kabla ya kuhamisha, nayo inaishia mwanzo wa Rajabu. Yaliyofuata yote naandika upya kwa mkono, risiti kwa risiti. Mpwa wangu mhasibu ananisukuma nitumie GnuCash, ni ya bure na tarehe unachagua mwenyewe. Nimeijaribu. Kila shilingi inataka kujua imetoka wapi na imekwenda wapi, uiandike pande mbili, na kichwa changu cha uzee kikishafunga kina usingizi.

Je, msinunue? Kama unaishi peke yako na hakuna anayekuuliza kitu, nunua, utaipenda. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota mbili, moja ni ya yale maandishi makubwa, wallahi nayapenda. Nilipofika kwenye Mengineyo nikaondoa moja. Nikiikumbuka ile barua ya tatu, hata hii iliyobaki naiona nyingi. Lakini iacheni, kijana wangu anasema huenda wakarudisha ripoti, na mimi si mtu wa kufunga milango.

Dawa za mwaka jana nimeshazipata kwenye ile nakala. Za mwaka huu bado, nimefika nusu ya Shaabani, na ndugu yangu wa Uingereza ameanza kuweka alama ya kuuliza peke yake kwenye kundi kila Ijumaa.