Casio F-91W baada ya miaka minne mkononi

Saa ninayoizungumzia hapa iliingia sokoni mwaka 1989, na anayeinunua leo anapata umbo lile lile, vitufe vile vile vitatu na uso ule ule mweusi uliozungushiwa mstari wa buluu. Aliyeichora ni Ryusuke Moriai, na ilikuwa kazi yake ya kwanza ya usanifu katika kampuni ya Casio. Kwenye biashara ambayo simu ya mwaka juzi huhesabiwa kuwa kizee, kifaa kinachokaa zaidi ya miaka thelathini bila kuguswa sura kinastahili kutazamwa kwa makini, hata kama bei yake haifiki gharama ya kubadilishia kioo simu ya kawaida.

Niliinunua Juni 2021 kwa sababu ya uchovu. Kabla yake nilikuwa na saa janja iliyohesabu hatua zangu, ikapima mapigo ya moyo, ikanitetemesha mkono kila mtu alipotuma salamu za Ijumaa kwenye kundi la ukoo, na kila jioni ikadai chaji. Usiku mmoja umeme ulikatika hadi alfajiri, nami nikaamka nikiwa nimevaa bangili nyeusi isiyojua hata ni saa ngapi. F-91W hutumia betri moja ya kidonge, aina ya CR2016, ambayo kwa maelezo ya Casio yenyewe hudumu takriban miaka saba. Yangu bado ina betri iliyotoka nayo kiwandani, na ile misumari minne midogo ya mfuniko wa nyuma haijaguswa na bisibisi.

Uzito wake ni gramu 21 na unene wake milimita 8.5, hivyo hupita chini ya mkono wa shati uliofungwa kifungo bila kukwama, na baada ya siku mbili tatu mtu husahau kuwa ameivaa. Gamba na mkanda ni vya plastiki, mfuniko wa nyuma ni wa chuma kisichoshika kutu. Kwa mkono mnene inaonekana ndogo, na rafiki yangu mmoja mwenye kifua cha mbeba magunia aliijaribu akasema anajiona kama amevaa saa ya mwanawe. Hilo ni suala la macho, sitabishana naye.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na sehemu kubwa ya matumizi yangu ya saa ni darasani na kwenye chumba cha mtihani, mahali ambapo simu hairuhusiwi. Kwa kazi hiyo tarakimu zake kubwa husomeka kwa kutupa jicho tu. Hata hivyo kipima muda chake, ambacho huhesabu hadi sehemu ya mia ya sekunde, kina kasoro ambayo mnunuzi anapaswa kuijua mapema: kikifika dakika 59 na sekunde 59 hurudi sifuri na kuanza upya, tena huhesabu kupanda tu, hakiwezi kuhesabu kushuka. Kinafaa kwa mbio za mita mia nne na kwa kuchemsha mayai, lakini mtihani wa saa tatu huwezi kuupima nacho. Jambo jingine ni mlio wa kila saa, ambao huwashwa na kuzimwa kwa kitufe cha kulia ukiwa kwenye ukurasa wa alamu. Wiki ya kwanza sikulijua hilo, na saa yangu ililia katikati ya mtihani wa muhula mbele ya vijana arobaini waliokuwa kimya kabisa. Kijana mmoja wa nyuma alinyanyua mkono na kuniuliza kwa adabu iliyozidi kipimo kama mwalimu ameingia na simu.

Alamu ni moja tu, nayo hulia kwa sekunde ishirini kisha hunyamaza. Mwenye usingizi mzito asiitegemee kumwamsha alfajiri. Taa nayo ni ya kuonea huruma: kijibalbu cha kijani kilichokaa upande wa kushoto, ambacho huangaza tarakimu zilizo karibu nacho na kuziacha za kulia zikikisiwa. Ukitaka kujua saa gizani utajua, ukitaka kujua sekunde utasubiri kupambazuke.

Kuhusu usahihi, kiwanda kinaahidi kwamba haitakosea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, kwenda mbele au kurudi nyuma. Nimeilinganisha na simu, ambayo hujirekebisha yenyewe kwa mtandao, na nimeikuta ikikimbia sekunde kumi hivi kila mwezi. Kuirekebisha ni rahisi: unabonyeza kitufe cha chini kushoto mara tatu hadi sekunde zianze kumweka, kisha unabonyeza cha kulia simu inapogonga dakika mpya, na sekunde zinarudi sifuri. Tatizo ni Februari. Saa hii haijui mwaka, kwa hiyo kwake Februari ina siku 28 daima. Alhamisi ya tarehe 29 Februari 2024 iliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba ni tarehe mosi, ingawa jina la siku lilikuwa sahihi. Niliporekebisha kesho yake nikagundua kuwa kitufe hupeleka tarehe mbele tu, hakirudishi nyuma, hivyo kuipunguza siku moja kulinilazimu kuuzungusha mwezi mzima. Ni adhabu ya mara moja kila miaka minne, naweza kuivumilia.

Maji yanahitaji maelezo, kwa sababu maneno yaliyoandikwa usoni huwapotosha wengi. Saa imeandikwa kwamba inahimili maji lakini haikutaja kina chochote, na maana yake ni kuhimili mvua, jasho na matone ya kunawa mikono. Haikukusudiwa kuogelea. Mimi hutawadha nayo mara tano kwa siku, na kwa miaka yote hii sijaona hata ukungu chini ya kioo. Baharini naiacha nyumbani. Kioo chenyewe ni cha plastiki na hushika mikwaruzo upesi, ila mikwaruzo midogo husuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini ikapungua. Kilichoshindwa kwanza ni mkanda, ambao mwaka wa tatu ulichanika pale kwenye tundu ninalolitumia. Fundi saa mmoja wa Ngamiani aliniwekea mwingine kwa muda usiozidi dakika tano huku akiendelea na hadithi yake ya mpira.

Nisingependa mtu anunue saa hii kwa sifa zangu kisha apate ile niliyoipata mimi mara ya kwanza. Kabla ya hii ya Juni 2021 nilinunua nyingine katika duka moja mjini, ikiwa na jina lile lile, kwenye kisanduku kizuri chenye karatasi ya maelezo, na muuzaji akaapa kuwa ni orijino. Taa yake iliwaka buluu, jambo lililopaswa kunizindua papo hapo. Katika wiki mbili ikawa imechelewa dakika nne, na mwezi haukuisha kabla kitufe cha kushoto hakijazama ndani na kubaki huko. Niliporudi dukani niliambiwa kuwa saa za aina hiyo hazina warranti, jibu ambalo kwa namna fulani lilikuwa la kweli.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kubonyeza kitufe cha kulia bila kukiachia kwa muda wa sekunde tatu: kwenye saa halisi tarakimu huondoka na jina la Casio hutokea mahali pake. Wenye kughushi nao wamejifunza, na zipo feki zinazoandika jina hilo bila haya, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Tazama mgongo, ambapo saa halisi ina namba 593 ya mashine yake na maandishi yaliyonyooka na kuzama vizuri kwenye chuma. Tazama misumari ya mfuniko kama imekaa sawa, kisha washa taa uone kama ni ya kijani na inatokea kushoto. Bei nayo husema: anayekuuzia kwa elfu saba huku wengine wakitaka mara saba ya hapo hakukufanyia hisani.

Kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila pembe ya dunia, saa hii imevaliwa na watu wa kila namna, na mwaka 2011 nyaraka za jeshi la Marekani kuhusu wafungwa wa Guantanamo zilipovuja, ilionekana kwamba kuivaa kulikuwa kumehesabiwa miongoni mwa dalili za kumshuku mtu. Kwa kigezo hicho nusu ya ofisi yetu ya walimu ingelala ndani.

Wapenzi wa elektroniki wameichukulia kama kiwanja cha kuchezea. Joey Castillo alibuni ubao mdogo wa saketi uitwao Sensor Watch, ambao huchukua nafasi ya mashine ya ndani na kuacha kioo, vitufe na gamba vilivyo, tena ukiendeshwa na betri ile ile ya kidonge. Programu zake ziko wazi kwa kila mtu, na miongoni mwake zimo za kuonyesha macheo na machweo, sura za mwezi, hata tarakimu za siri za kuingilia akaunti. Mwenye kuijua lugha ya kompyuta ya C anaweza kuiandikia programu yake mwenyewe, na nilipolisoma hilo wazo langu la kwanza lilikuwa moja: saa isomayo Kiswahili.

Naeleza. Kwa saa ya mishale sisi hatuna shida, kwani mshale mfupi ukiwa kwenye saba tunasoma namba iliyo upande wa pili, ambayo ni moja, na ndiyo saa moja asubuhi. Wazee wetu walisoma hivyo bila kuhesabu chochote. Saa ya tarakimu haina upande wa pili. Inakuandikia 7:00, na wewe ndiye wa kutoa sita kichwani, au kuongeza sita inapoandika 4:00 na wewe unataka kusema saa kumi. Kijana wa shule hufanya hivyo bila kufikiri. Mama yangu, ambaye nilimnunulia ya kwake mwaka jana kwa sababu ya wepesi wake, alinirudishia baada ya siku tatu akisema, "Mwanangu, hii saa yako ni ya watu wa ofisini."

C siijui, kwa hiyo nikatafuta njia ya mkato. Niliichukua saa ya Mama saa moja asubuhi na kuiwekea 1:00, nikiacha mtindo wa saa kumi na mbili. Hapo kuna uchaguzi ambao mwanzoni niliuona mdogo: iwe 1:00 ya kabla ya adhuhuri ya Kizungu au ya baada yake, ambayo kwenye kioo huonyeshwa kwa herufi mbili, PM. Ukichagua ya kwanza, tarehe itageuka saa kumi na mbili asubuhi, na tangu saa sita usiku hadi hapo utakuwa na tarehe ya jana. Ukichagua ya pili, herufi zile zinawaka mchana na kuzimika usiku, na tarehe pamoja na jina la siku hugeuka saa kumi na mbili jioni, dakika kadhaa kabla ya jua la Tanga kuzama. Yaani Alhamisi jioni saa inaandika FR, na kwa hesabu yetu ya pwani ni kweli, kwa sababu usiku huo ndio usiku wa kuamkia Ijumaa na tunauita usiku wa Ijumaa.

Nilipokaa kulipigia hesabu nikacheka peke yangu. Saa za Kiswahili ziko mbele ya saa rasmi za Afrika Mashariki kwa sita, na saa rasmi za Japani ziko mbele yetu kwa sita vilevile. Saa niliyomwekea Mama inakwenda kwa majira ya Tokyo. Wafanyakazi wa Casio, ambao makao yao makuu yako Shibuya katika jiji hilo, wakitazama ukutani wanaona 1:00 wakati huo huo ambao Tanga ni saa moja.

Kwa mtu anayejaza fomu usiku mpangilio huo haufai, maana tarehe ya serikali bado haijageuka, nami ya kwangu nimeiacha kama ilivyo. Anayetaka ramani, ujumbe au hesabu ya mapigo ya moyo atafute kwingine, na mwenye macho mazito gizani pia. Wengine wainunue, ila wamwombe muuzaji awashe taa kwanza.

Mama anaivaa tangu hapo. Nilidhani zile herufi za Kiingereza za siku zingemsumbua, nikajitolea kumfundisha, akaniambia anazijua saba zote kwa umbo. Alhamisi iliyopita baada ya magharibi aliitazama, akaona FR, akatoa udi kabatini.