Kadi ya Costco: ya dola 65 au ya 130?
Costco ni duka la kununua vitu kwa wingi, kwa kadi ya uanachama. Huko Marekani, kadi ya kawaida, Gold Star, ni dola 65 kwa mwaka, ya juu, Executive, ni 130. Executive hurudisha asilimia 2 ya manunuzi mengi, ila petroli haihesabiwi. Ili zile 65 za ziada zirudi, lazima ununue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka, kama 271 kila mwezi. Nyumba yenye mtoto wa nepi na wali kila siku hufika hapo bila shida. Mko wawili tu? Chukueni ya 65, tena kwa mchele, sabuni na mafuta ya kupikia. Mboga pakiti kubwa zikiozea kwenye friji, nafuu yote imekwenda na maji, na kutupa chakula kunauma kuliko ada. Mkiona kadi haiwalipi, ombeni ada yenu, Costco huirudisha.